Msitu wa Kijiji Hulindwa na Daftari

Ukifika kwenye kijiji chenye msitu wake wa hifadhi, usikimbilie kupelekwa porini. Pita kwanza ofisi ya mtendaji, uombe daftari la mihtasari ya mkutano mkuu. Fungua kurasa za mwaka mmoja uliopita, utafute mahali ambapo kamati ya maliasili ilisoma mapato na matumizi mbele ya wananchi. Ukikuta ilisoma, na maswali ya watu yameandikwa pamoja na majibu yake, msitu huo una wenyewe. Ukikuta mihtasari inaruka kutoka ujenzi wa zahanati hadi michango ya madawati bila neno kuhusu msitu, basi hata kama mabango ya mpakani yanang'aa kwa rangi mpya, hali si nzuri.

Mazungumzo mengi kuhusu usimamizi shirikishi wa misitu Tanzania huishia kwenye doria: walinzi wangapi, baiskeli ngapi, buti zipo au hazipo. Doria ni ya lazima, hakuna ubishi. Lakini msitu wa hekta elfu kadhaa hauwezi kulindwa na watu kumi na wawili wanaoingia mara mbili tatu kwa mwezi. Wanaouona kila siku ni wale wanaokwenda kuni, kurina asali, kuchuma uyoga na kuchimba mizizi ya dawa. Mtu wa namna hiyo akikuta gogo limelala na alama za matairi ya bodaboda pembeni, ama atampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, ama atapita kama hakuona kitu. Atakayenyamaza ni yule anayejua kwamba gogo lililopita liliuzwa na hakuna aliyeambiwa pesa ilikwenda wapi.

Somo hili lilianza kueleweka Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikuwa inapima msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, takriban hekta 9,000, ili uwe hifadhi yake. Watu wa vijiji vinane vinavyouzunguka walipoona wanakaribia kuupoteza, wakaingia na mashoka kuwahi fungu lao kabla mlango haujafungwa. Upimaji uliokusudiwa kuokoa msitu ukawa ndio unauharakishia kifo. Kufikia 1994 mpango ukageuzwa: kila kijiji kikaachiwa sehemu iliyomo ndani ya mipaka yake, kikaweka kanuni zake na kuchagua walinzi wake. Wale wale waliokuwa wakikata ndio waliopiga marufuku uchomaji mkaa na mashamba ya msituni. Msitu wa Mgori, Singida, ukafuata mkondo huo huo. Baadaye likaja fungu zima la sera na sheria: Sera ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, ambayo ndiyo inayokipa kijiji mamlaka ya kutangaza msitu ulio kwenye ardhi yake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji.

Kuna mkanganyiko mmoja wa kuuondoa mapema. Msitu wa hifadhi wa kijiji ni mali ya kijiji, na kijiji ndicho msimamizi. Usimamizi wa pamoja ni kitu kingine: msitu unabaki kuwa wa Serikali kuu au wa halmashauri ya wilaya, na kijiji jirani kinasaini makubaliano ya kusaidia kuutunza kwa mgao fulani. Haki ya kuvuna, kutoza na kubaki na fedha haifanani kabisa kati ya hizo mbili. Kiongozi akizichanganya kwenye mkutano mkuu, mrekebishe siku hiyo hiyo, maana wananchi wataondoka wakitarajia fedha ambazo hazitakuja.

Mpaka

Mpaka wa kwanza kushughulikia ni wa kijiji chenyewe. Bila mpaka wa kijiji uliokubaliwa na majirani wote na kupimwa, hakuna Cheti cha Ardhi ya Kijiji, na bila cheti mpango wa matumizi ya ardhi unakosa miguu. Kazi hii inataka watu watembee. Wazee wa pande zote mbili, wenyeviti wa vitongoji vya mpakani, mtaalamu wa ardhi kutoka wilayani na mtu wa kuandika waende pamoja, wasimame kwenye kila alama na kukubaliana palepale. Muhtasari unasainiwa na vijiji vyote viwili siku hiyo hiyo, kabla watu hawajarudi kwao kushauriwa vingine.

Yanayoharibika hapa yanajulikana. Alama inaandikwa kuwa ni "mto", kumbe ni korongo la msimu linalohama kila masika. Au ni mbuyu ulioanguka zamani, na kila upande unakumbuka kisiki chake. Kubwa kuliko yote ni kijiji kugawanywa. Kijiji kikikua, kitongoji kinaomba kuwa kijiji kinachojitegemea, kinapewa usajili, na msitu uliokuwa wa kijiji kimoja unajikuta una wenyewe wawili, huku cheti, mpango wa ardhi na sheria ndogo vikiwa na jina la mmoja tu. Kama mgawanyo unanukia, kaeni kwanza mwandike msitu utakuwa wa nani, au utasimamiwaje kwa pamoja. Baada ya usajili kutoka, mazungumzo hayo huwa magumu mara kumi.

Kisha unakuja mpango wa matumizi ya ardhi, na hapa ndipo misitu mingi hupangiwa kufa bila mtu kujua. Ramani inachorwa, kipande kikubwa kinapakwa kijani, kila mtu anapiga makofi. Hakuna aliyepiga hesabu ya mashamba. Chukua kijiji cha kaya 400, kila kaya ikilima ekari tano. Hizo ni ekari 2,000. Lakini kama watu wanalima kwa kuhama, kama wanavyofanya wakulima wengi wa ufuta Kilwa na Lindi, na kila ekari inayolimwa inahitaji nyingine tatu zinazopumzika, hitaji halisi ni ekari 8,000, yaani karibu hekta 3,240. Ongeza vijana watakaooa ndani ya miaka ishirini. Hesabu hiyo isipofanywa, anayeingia msitu wa hifadhi na panga mwezi wa kumi hatakuwa jambazi kutoka mjini. Atakuwa mtoto wa mjumbe wa kamati, anatafuta pa kupanda ufuta.

Wafugaji nao. Mara nyingi hawaitwi kwenye vikao vya kupanga ardhi kwa madai kwamba ni wageni au watahama. Hawahami. Wakikosa eneo la malisho kwenye mpango, na njia ya kupitisha mifugo kwenda kwenye maji, watapita msituni, na sheria ndogo itakayowakamata haikuwahi kusomwa mbele yao. SULEDO kule Kiteto, msitu wa vijiji vya Sunya, Lengatei, Dongo na majirani zao, unaonyesha kwamba malisho yanaweza kuwekewa kanda na kanuni zake ndani ya mpango wa msitu.

Mpaka wa msitu wenyewe ni kazi ya mikono. Fyeka njia ya upana wa mita tatu hadi tano. Ifyeke baada ya masika, nyasi zikiwa hazijakauka, ili njia hiyo hiyo iwe kinga ya moto kiangazi. Miti iliyo kwenye mstari ipakwe mkanda wa rangi ya mafuta usawa wa kifua. Kwanza parua gamba la juu kidogo kwa panga ili rangi ishike, bila kufika kwenye gamba bichi. Bango liwekwe kila mahali njia ya miguu inapoingia msituni, hata kama ni njia ya kuni tu. Bango moja kubwa barabarani ni la kupigia picha na wageni.

Kuhesabu

Kijiji kisichojua kina nini msituni kitauza kwa bei na kiasi cha mnunuzi. Tathmini shirikishi si kazi ya kutisha. Watu sita wenye kamba, dira, simu yenye GPS, tepu ya fundi cherehani na daftari wanaitosha.

Mnachora mistari sambamba kwenye ramani, na kila baada ya umbali uleule mnasimama kupima kipande cha duara. Kamba ya mita 15 ikizungushwa kutoka katikati inatoa duara la mita za mraba 707, karibu hekta 0.07. Kila mti uliomo hupimwa mzingo kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Mkiwa kwenye mteremko, anayepima husimama upande wa juu wa mti. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 unapata kipenyo. Kwa mpingo, ambao kipenyo chake cha chini cha kuvunwa ni sentimita 24, maana yake mzingo wa sentimita 75 na nusu hivi. Fungeni fundo la uzi kwenye tepu mahali hapo, na hata asiyejua hesabu atajua mti upi umefika.

Makosa ni yale yale kila mahali. Kamba inalegea au inazungushwa juu ya vichaka, duara linapungua. Kwenye mteremko kamba inalazwa chini badala ya kushikwa usawa. Mti ulio kwenye ukingo wa duara unaingizwa ukiwa mkubwa na kuachwa ukiwa mdogo. Kanuni iwe moja, kwamba kama katikati ya shina imo ndani, unahesabiwa. Kosa baya zaidi ni kusogeza duara kwa sababu kituo kimeangukia kwenye miiba au uwanda mtupu. Mkisogeza, mmepima msitu mnaoutamani.

Sasa angalia tarakimu zinavyozungumza. Tuseme mmepima maduara 60 kwenye msitu wa hekta 1,000, mkapata mipingo tisa iliyofikia kipimo. Duara moja ni sehemu ya 14 hivi ya hekta, kwa hiyo tisa gawanya kwa 60, zidisha kwa 14, ni kama miti miwili kwa hekta, au 2,100 kwa msitu mzima. Mnunuzi akisikia 2,100 anataka 200 kwa mwaka. Mpingo unachukua miaka 70 na zaidi kufikia kipimo. Kwa hesabu ya tahadhari, 2,100 ukigawa kwa 70 ni miti 30 kwa mwaka. Na maduara hayo 60 yamegusa hekta nne na kidogo tu kati ya 1,000, kwa hiyo hata hiyo 30 ichukuliwe kwa adabu, mpaka upimaji wa pili uithibitishe. Angalieni pia miti iliyo chini ya kipimo. Kama daftari lina mipingo minene na hakuna chipukizi, mnavuna urithi ambao haurudi.

Sheria ndogo

Njia ya sheria ndogo inajulikana: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unaijadili na kuipitisha, inapita kata, inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kwenye hatua hiyo ya mwisho ndipo mafaili hulala. Kamati, kwa hamu ya kazi, inaanza kutoza faini kabla ya idhini, mkosaji mmoja mjanja anakwenda mahakamani, faini inarudishwa, na kamati inachekwa kijiji kizima. Msitoze hata senti kabla nakala yenye muhuri haijarudi. Teueni mtu mmoja, kwa jina, wa kufuatilia faili wilayani, na nauli yake iandikwe kwenye bajeti.

Andikeni makosa kwa lugha ya mambo yanayotokea. "Ni marufuku kuharibu mazingira" haimkamati mtu. "Kuingia na msumeno wa mnyororo bila kibali" inamkamata. Kanda zitajwe kwa alama za ardhini: wapi pa kuni kavu bila malipo, wapi pa kuvuna kwa kibali, wapi hapaguswi kabisa, kama vile mita 60 kutoka vyanzo vya maji ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 tayari inazilinda, na sehemu za matambiko ambazo wazee walizilinda kabla ya sheria yoyote.

Faini kwenye sheria ndogo nyingi za vijiji haizidi Sh 50,000. Kwa mtu aliyechukua mzigo mmoja wa kuni ni kali mno. Kwa mpasua mbao ni gharama ya biashara, anailipa akiwa anacheka. Ndiyo maana kifungu cha kukamata mazao na vifaa kina uzito kuliko faini yenyewe. Aliyeacha msumeno wake kijijini harudi upesi. Lakini kilichokamatwa kiandikwe papo hapo: nini, vipande vingapi, vipimo, tarehe, nani ameshuhudia, na mkosaji au shahidi asaini. Mbao zilizolala nyuma ya ofisi ya kijiji bila maandishi hupungua usiku kwa usiku, na hakuna kinachoua imani ya watu haraka kuliko kuona mbao za kukamatwa zimegeuka mlango wa nyumba ya kiongozi. Mtuhumiwa akikubali kosa, analipa na kupewa stakabadhi. Akikana, kamati haina mamlaka ya kumhukumu. Jambo linakwenda mahakamani pamoja na maandishi hayo.

Gogo na pesa yake

Kilwa ndiko kulikoonyesha kwamba msitu wa kijiji unaweza kuuza vizuri. Mwaka 2009, kwa msaada wa MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mpingo wao, unaotafutwa na watengenezaji wa klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, ukapata mnunuzi anayeuliza karatasi kabla ya kuuliza bei. Cheti kina gharama zake, na kijiji kidogo peke yake hakiwezi kuzimudu. Ndiyo maana kilikuwa cha kundi la vijiji.

Ila hata bila cheti, fedha nyingi hupotea kwenye kitu kidogo sana: mahali pa kuweka tepu. Gogo la mita tatu lenye kipenyo cha sentimita 50 katikati lina mita za ujazo 0.59. Mnunuzi akilipima kwenye ncha nyembamba, tuseme sentimita 40, linakuwa 0.38. Zaidi ya theluthi ya gogo imepotea mchana kweupe, hakuna aliyeiba. Kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba kwamba kipenyo kinapimwa katikati ya gogo, na kwamba malipo ni kwa mita za ujazo, kamwe si kwa idadi ya magogo. Kabla ya kukata, gonga shina kwa kisogo cha shoka. Mpingo mkongwe mara nyingi una uwazi ndani, na mti wenye uwazi ukishalala mnunuzi ataukataa na msitu utakuwa umepoteza bure. Mti unaokubaliwa upewe namba, na namba hiyo ipigwe kwa nyundo kwenye kisiki na kwenye gogo. Anayekagua baadaye alinganishe visiki na daftari. Kisiki kisicho na namba kinatosha kuitisha kikao.

Malipo yatangulie mti kuanguka. "Tutamalizana mzigo ukifika mjini" ni sentensi iliyofilisi vijiji. Mnunuzi alipe kwa kontroli namba au kwenye akaunti ya kijiji, alete uthibitisho, ndipo apewe leseni ya uvunaji, na gari lisitoke bila hati ya kusafirishia. Fedha taslimu mkononi mwa mjumbe wa kamati, hata akiwa mwaminifu wa kutupwa, ni mtego kwake mwenyewe.

Jambo la kuangalia kwa makini ni kanuni za uvunaji. Sheria ya Misitu iliweka msingi wa mapato ya msitu wa kijiji kubaki kijijini, lakini kanuni zilizotoka 2019 ziliongeza mkono wa wilaya kwenye idhini ya uvunaji na kuleta mvutano kuhusu nani anatoza nini. Kabla ya kusaini na mnunuzi yeyote, pateni kwa maandishi kutoka kwa afisa misitu wa wilaya kanuni na tozo zinazotumika mwaka huo. Maelezo ya mdomo hayana tarehe.

Mkaa nao una adabu yake. Vijiji kadhaa vya Kilosa, vikisaidiwa na Shirika la Uhifadhi wa Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, vilitenga kanda za mkaa na kuzigawa vipande vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kama ubao wa drafti, kimoja kinakatwa na jirani yake kinaachwa, kwa mzunguko wa miaka 24. Ukiwa na kanda ya hekta 240, mwaka mmoja unavuna hekta 10, yaani vipande 40, basi. Visiki vinaachwa vichipue. Asiyeng'oa mzizi hahitaji kupanda mti. Miti ya mbao haiguswi, na mteremko mkali hauguswi. Kinachovuruga ni gunia. Tozo inatajwa kwa gunia, kisha gunia linashonewa kilemba mpaka linakuwa moja na nusu. Lumbesa ya mkaa inaibia kijiji kama tepu inavyoibia kwenye gogo. Wekeni kipimo cha gunia kwenye sheria ndogo na mzani kwenye kituo cha kupakia.

Moto

Miombo ina moto wake wa kila mwaka, na kutangaza kwamba "mwaka huu hakuna moto" ni kujidanganya. Swali ni uwake lini. Moto wa mwezi wa tisa na wa kumi, nyasi zikiwa kavu kabisa na upepo umepanda, unaua miche na kuchoma magamba ya miti mikubwa mpaka inaanza kuoza ndani. Moto wa mapema, kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Julai kwa kule pwani ya kusini, unatambaa kwenye nyasi zilizokauka na kufia kwenye nyasi mbichi, ukiacha mabaka mabaka. Mabaka hayo ndiyo kinga: moto mkali wa baadaye ukija unakuta chakula kimekwisha.

Jaribuni kwanza kwenye kipande kidogo. Moto ukikataa kusogea, mmewahi. Ukiruka juu ya kiuno, mmechelewa, zimeni muondoke. Anzeni saa kumi alasiri upepo ukishatulia, ili umande wa usiku uwasaidie kuzima. Majirani na wafuga nyuki wajulishwe siku kadhaa kabla, na chini ya mizinga pafyekwe. Kibali cha kuchoma kiwe mfukoni. Mkosaji mkubwa katika kazi hii ni uchovu: saa mbili usiku watu wanataka kwenda nyumbani, gogo moja linafuka, linaachwa, na saa sita mchana wa kesho yake upepo unalikumbuka. Wawili walale zamu.

Kusoma hesabu

Sasa lile daftari. Kamati ya maliasili inachaguliwa na mkutano mkuu, kwa kuzingatia wanawake na wanaume, na inawajibika kwa halmashauri ya kijiji. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Taarifa ya msitu isomwe kila mara hizo, hata kama miezi mitatu hiyo hakuna kilichouzwa. "Mapato: sifuri" ni taarifa kamili, na kuisoma kunazuia uvumi.

Anayesoma asiseme "tumepata milioni mbili, tumetumia milioni moja na laki tisa". Asome mstari kwa mstari: tarehe, namba ya stakabadhi, aliyelipa, kwa ajili ya nini, kiasi. Kisha matumizi kwa namna hiyo hiyo, posho za doria zikitajwa kwa majina. Kutaja majina kunaudhi siku ya kwanza. Baadaye wajumbe wenyewe huona faida yake, maana anayesomwa hadharani hawezi kusingiziwa mtaani. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na nyingine ibaki kwa wenyeviti wa vitongoji. Na mgao wa fedha upitishwe na mkutano kabla fedha haijaingia: kiasi gani cha doria na mipaka, kiasi gani cha miradi ya kijiji. Vijiji vilivyosubiri fedha iingie ndipo vijadiliane, vimejadiliana kwa miezi huku fedha ikitafunwa na vikao vyenyewe.

Doria pia iwe na daftari lake: siku, njia waliyopita, walichokuta, hata kama ni kisiki kimoja cha zamani. Doria ambayo kila ukurasa unasema "hali shwari" kwa mwandiko mmoja na kalamu moja iliandikwa chini ya mwembe.

Kipindi cha hatari zaidi ni uchaguzi wa serikali za mitaa, kila miaka mitano. Wa mwisho ulikuwa Novemba 2024. Miezi michache kabla yake wagombea huanza kuahidi mashamba ndani ya hifadhi, kwa mafumbo au waziwazi, na kamati huogopa kukamata wapiga kura. Baada yake anaingia mwenyekiti mpya asiyejua faili liko wapi, wakati mwingine mtendaji naye amehamishwa. Nyaraka zinabaki nyumbani kwa kiongozi aliyeshindwa, na hana hamu ya kuzirudisha. Kwa hiyo kabla ya kampeni kuanza, kusanyeni kila kitu kwenye sanduku moja la chuma: cheti cha ardhi, ramani, mpango wa usimamizi, sheria ndogo zenye muhuri, mikataba, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, na nyundo ya kupigia namba. Orodha yake iandikwe nakala tatu, moja ya halmashauri ya kijiji, moja ya kamati, moja kwa afisa misitu wa wilaya. Kufuli liwe na funguo mbili tofauti, kwa watu wawili wasio wa familia moja, na makabidhiano yafanyike kwenye mkutano mkuu wa kwanza wa uongozi mpya, kitu kimoja kimoja kikitajwa jina na kuinuliwa watu wakione.